Mwaka Tulioifundisha Mashine Kusema Imefika Wapi

Adventina alinipigia simu asubuhi, nikiwa uani kwangu Kiseke, Mwanza, nachambua dagaa kwenye ungo. Hakuanza na salamu ndefu kama desturi yake. Aliniuliza kama nimeketi, nikamwambia nimeketi, akasema Ladislaus amefariki na atazikwa kwao, upande wa Bukoba. Nilimshukuru kwa kunijulisha. Nikamuuliza habari za magoti yake, akanijibu, tukaagana. Kisha nikaendelea kuchambua, na nilipoinuka nikaona nimewatupa dagaa wote kwa kuku, nimebakiza mchanga na magamba. Mjukuu wangu alicheka, nami nikacheka naye, maana sikuwa na namna ya kumweleza. Watoto wangu wanamjua baba yao, na baba yao alikuwa mtu mwema ambaye nilimlilia kwa haki mpaka macho yakavimba. Jina la Ladislaus hawajalisikia kwangu hata siku moja. Si kwamba nililificha. Hapakuwa na jambo la kusimulia. Hakunichumbia, hakunigusa zaidi ya kunipa mkono wa salamu, na tulifanya kazi chumba kimoja kwa muda ambao haukutimia hata mwaka. Lakini tangu simu ile, kila nikifumba macho naliona jengo la bohari, na pazia la kijani, na mgongo wa mtu aliyeinama mbele ya kioo cha kompyuta akisubiri.

Ulikuwa wakati ule mashirika ya umma yalipokuwa yanapunguza watu. Mimi na Adventina tulikuwa wapiga chapa katika ofisi moja ya shirika, meza zikitazamana, na tulipunguzwa kwa tangazo moja lililobandikwa mlangoni, tukaambiwa tukabidhi mashine. Mji ulikuwa umefunguka ghafla. Kila uchochoro ulikuwa na duka jipya, mitumba ilimwagwa chini hadi pembeni mwa barabara, ndege zilikuja kuchukua minofu ya sangara, na sisi tuliobaki na mji tukala mapanki, yale mafupa na vichwa vilivyokaangwa, vinavyouzwa kwa fungu. Tulipanga chumba kimoja Mirongo, karibu na mto, nyumba ya vyumba vingi vinavyotazama ua mmoja. Kitanda kilikuwa kimoja. Adventina alilala ukutani kwa sababu aliogopa kuanguka, mimi nikalala ukingoni. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tulijua habari za majirani kuliko za ndugu zetu. Upande mmoja alikaa mnunuzi wa pamba aliyekuwa akimweleza mkewe, kila jioni, kwamba sasa ni ruksa mtu yeyote kununua pamba, na kila jioni mkewe alimjibu kwamba ni ruksa pia mtu yeyote kufilisika. Tulikuwa tukibana vicheko kwenye mto, tukila matobolwa ya viazi vikavu na karanga, na Adventina, ambaye kwao ni watu wa ndizi, akilalamika kwamba Wasukuma tumemfanya ajisikie ng'ombe anayetafuna.

Kazi tuliyoipata ilikuwa katika bohari ya dawa ya misheni, nyumba ya mawe yenye chumba kimoja kirefu cha rafu na kimoja kidogo cha ofisi. Kutoka pale zilitoka dawa za zahanati zilizotawanyika pwani yote ya ziwa na visiwani. Msimamizi alikuwa Sista Gaudensia, mwanamke mpana, mwenye sauti ya chini na haraka ya moyo. Alikuwa amepewa kompyuta na wafadhili, na pamoja nayo akamwajiri kwa kibarua mwalimu wa chuo kimoja cha kompyuta cha hapo mjini amtengenezee programu. Mwalimu huyo ndiye Ladislaus. Alikuja kila baada ya vipindi vyake, mchana, akiwa na shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa mwembamba. Alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja kama mtu anayekohoa. Chai aliinywa bila sukari, jambo ambalo kwetu lilikuwa la mgonjwa au la mtu aliyesoma Ulaya, naye alikuwa amesoma Ulaya. Siku ya kwanza alimwamkia Sista, akatusalimu sisi, kisha akaniuliza kama yale maandishi yaliyobandikwa kwenye rafu niliyachapa mimi. Nikasema ndiyo. Akasema yamenyooka. Kwa mpiga chapa, hilo ni neno ambalo mtu hulala nalo.

Programu yake ilikuwa inafanya kazi ambayo zamani Sista aliifanya wiki nzima kwa kalamu. Kila zahanati ilileta taarifa ya dawa zilizotumika, mimi na Adventina tukaziingiza, halafu mwisho wa mwezi tunaandika neno moja la amri, na mashine inajifungia kufikiri. Inapiga hesabu ya mgawo wa kila zahanati, dawa kwa dawa, inahifadhi, kisha ndipo printa inaanza kulia. Shida ilikuwa pale inapojifungia. Kioo kilibaki cheusi, na kialama kimoja cha kijani kikipepesa kwenye kona. Haikusema inafanya nini, wala imefika wapi, wala kama iko hai. Unaweza kupika maharage yakaiva, nayo imenyamaza vilevile. Sista hakuliweza hilo. Alikuwa mtu wa kuuliza na kujibiwa. Alikuwa akisimama nyuma yetu, ameishika rozari yake ndani ya mfuko, akiuliza, "Imekufa?" Tukamwambia haijafa, Sista, inafanya kazi. Akauliza tumejuaje. Na kusema kweli hatukujua. Tulikuwa tunaamini tu.

Mwezi wa pili wa kazi ile Sista aliizima. Tulikuwa tumetoka kwenda kupokea mzigo getini, tukarudi tukakuta ameketi mbele ya kompyuta iliyozimwa, ameridhika kama mtu aliyezima jiko lililosahauliwa. Alipoiwasha tena, mgawo wote ulikuwa umevurugika, nusu umeandikwa na nusu haupo, na kazi ikabidi ianzwe upya kuanzia taarifa za zahanati ya kwanza. Katikati ya kuanza upya umeme ukakatika. Meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, iliondoka bila maboksi ya huko. Baada ya siku kadhaa akaja muuguzi mkuu wa zahanati ya huko, Bwana Majura, mtu mzima mwenye ndevu chache nyeupe. Hakuja kugomba. Aliketi kwenye benchi, akapewa maji, akasema kwamba klorokwini iliwaishia mapema, kwamba kwa muda huo walikuwa wanawaandikia wagonjwa dawa na kuwaambia wakanunue madukani, na kwamba mama mmoja alibeba mtoto mwenye degedege akavuka naye mpaka mjini, na mtoto alifika akiwa hai. Alilisema hilo la kufika mara mbili, kana kwamba anatupunguzia uzito. Sista alitoka nje. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma kwa muda, na aliporudi alimwambia Ladislaus, mbele yetu sote, bila kupandisha sauti, "Mwalimu, mimi siwezi kungoja kitu kisichosema. Kifundishe kusema."

Ladislaus hakujitetea, ingawa angeweza. Alisema, "Sawa, Sista. Kosa ni langu, nilikiacha bubu." Kuanzia siku hiyo alianza kuja mapema na kuondoka akiwa amechelewa vipindi vyake. Mimi ndiye niliyekaa naye. Adventina alipenda rafu na maboksi, alipenda kuongea na wapagazi, na mashine ilimchosha macho. Kwa hiyo kiti cha pili mbele ya kompyuta kikawa changu. Nakikumbuka kile chumba kuliko ninavyokumbuka vyumba nilivyozalia watoto wangu. Kulikuwa na harufu ya pamba ya hospitali na ya spiriti. Pazia la kijani lilifanya kila kitu kionekane kama kiko chini ya maji. Dirishani ungeona kipande kidogo cha ziwa katikati ya mapaa mawili ya bati, na saa ya mchana kipande hicho kiling'aa mpaka tukalazimika kuvuta pazia ili kusoma kioo. Ladislaus aliongea huku akiandika. Si na mimi hasa, wala si peke yake. Nilizoea kusikiliza bila kujibu, na baadaye nikazoea kujibu.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa nukta. Kila zahanati ikimalizika, mashine iandike nukta moja. Lilikuwa wazo zuri mpaka akaamua nukta moja kwa kila dawa ya kila zahanati, maana alitaka Sista aone mwendo. Kioo kikajaa nukta kama mchele uliomwagika, mistari kwa mistari, ikapanda juu na kupotea. Sista alitazama kidogo, akauliza kama mashine inaharisha. Ladislaus alifunika mdomo. Jaribio la pili liliandika asilimia, lakini kila asilimia ilishuka mstari mpya, na maandishi yakawa yanakimbia kwenda juu kama foleni ya watu wanaofukuzwa. Alitaka mstari mmoja tu, akanieleza, uliokaa mahali pamoja, unaojaa kutoka kushoto kwenda kulia kama mtungi unavyojaa, na mtu akitupa jicho mara moja aone kilichojaa na kilichobaki. Akaniambia kwamba kuna amri mbili zilizofichika mwisho wa kila mstari. Moja inairudisha mashine mwanzo wa mstari, nyingine inaishusha chini. Siku zote zinakwenda pamoja, ndiyo maana watu hudhani ni kitu kimoja. Yeye alitaka kutuma ile ya kwanza peke yake.

Niliielewa papo hapo, na mwili ndio ulioielewa kabla ya akili. Taipu zetu za zamani zilikuwa na mkono wa chuma upande wa kushoto. Ukiuvuta wote, karatasi inapanda na roli linarudi mwanzo. Lakini ulikuwapo ufundi wa kulisukuma roli lirudi bila karatasi kupanda, ukapiga maneno yaleyale juu ya maneno, na ndivyo tulivyokoza vichwa vya habari. Nikamwambia hivyo. Aliacha kuandika. Akageuza kiti chake, akaniomba nimwonyeshe kwa mikono, hewani, na mimi nikafanya, nikivuta mkono usiokuwapo na kusukuma roli lisilokuwapo, nikaona haya katikati ya kufanya. Akasema huko alikosomea waliambiwa kwamba amri zile zilitoka kwenye taipu, lakini hakuwahi kuona mtu akizifanya. Tangu hapo akawa haniambii tena "Dada Kabula" kama alivyomwita Adventina dada. Aliniita Kabula, na mimi nikaendelea kumwita Mwalimu, kwa kuwa sikuthubutu kingine.

Siku mstari ulipotembea kwa mara ya kwanza tulimwita Sista. Ulikuwa vijisanduku vyeupe ndani ya mabano mawili, vikiongezeka kimoja kimoja, na chini yake maneno: zahanati zilizobaki, na tarakimu. Sista alisimama na rozari yake. Tarakimu zikashuka vizuri. Zikafika kumi, na kilichofuata badala ya tisa kikawa tisini. Sista akashika kichwa. Kisha themanini, sabini, na Ladislaus alikuwa ametoa macho kama mtu aliyeibiwa mchana. Ni mimi niliyeanza kucheka, maana kosa hilo nalo nilikuwa nimelitenda mwenyewe kwenye taipu mara nyingi. Ukirudi na kupiga neno fupi juu ya neno refu, mkia wa lile refu unabaki. Sifuri ya kumi ilikuwa imebaki pale pale, na tisa ikaketi mbele yake. Kitu hakifutiki kwa kurudi tu, lazima upige nafasi tupu juu yake. Tulilirekebisha mchana uleule, tukicheka kila tulipotazamana, na Adventina alipokuja na chai alisimama mlangoni kwa muda akitutazama, akaweka vikombe, akaondoka bila kusema neno. Adventina hakuwa mtu wa kuondoka bila kusema neno.

Lililotusumbua zaidi halikuwa la kuandika bali la kuamua. Mstari ulikwenda haraka mwanzoni, kisha ukifika karibu na mwisho ukasimama muda mrefu, kwa sababu kuhifadhi kwenye diski kulikuwa kuzito kuliko hesabu zenyewe. Sista aliona mstari umebakiza vijisanduku viwili haviji, mkono wake ukaanza kwenda kwenye swichi. Adventina alishauri kwamba mashine idanganye kidogo, isogeze kijisanduku kila baada ya muda, hata kama hakuna kilichofanyika, ili mtu atulie. Alisema hata daktari husema utapona. Ladislaus alilifikiria hilo siku mbili. Alilifikiria kweli, nilimwona. Halafu akakataa. Alipima upya kila hatua ili mstari uende kwa mwendo wa kazi yenyewe, na pale palipokuwa pazito akaandika maneno ya Kiswahili yanayosema nahifadhi, usizime. Alitueleza kwamba mstari ukidanganya siku moja na Sista akagundua, hatauamini tena, na tutakuwa tumerudi kwenye kioo cheusi. Mwisho wa mwezi uliofuata Sista aliketi peke yake mbele ya kompyuta, mikono mapajani, na akaungoja mstari mpaka ukajaa. Maboksi ya Nansio yaliondoka na meli yake. Sista alituchinjia kuku, akala nasi ofisini, na alipomshukuru Mungu kabla ya chakula alimtaja Ladislaus na mimi kwa majina yaliyofuatana.

Nilipokuwa kijana nilidhani mapenzi huja na tangazo. Kumbe mengine huja kama harufu ya mvua, unajua iko mahali lakini huwezi kunyoosha kidole. Alianza kupita nasi njia ya Mirongo ingawa kwake kulikuwa upande mwingine. Aliniletea senene, wale panzi wa kwao, kwenye kopo la maziwa ya unga, waliokaangwa na mama yake, na akakaa kungoja nionje, nami Msukuma niliyelelewa kuwacheka wala senene nikatafuna na kusema ni watamu, na walikuwa watamu. Tuliongea habari za herufi, na za meli, na za Ulaya alikokuwa akila chakula bila kusikia sauti ya mtu. Hakusema jambo lolote la moyoni na mimi sikusema. Siku moja tukila, Adventina alinyonya kidole akasema, "Ameifundisha mashine kusema imefika wapi. Yeye mwenyewe hasemi." Nikamwambia aache. Akasema, "Na wewe ni walewale. Mtakaa hivyo, mmoja atazima." Nilikasirika nikageukia ukingo wa kitanda, lakini nililala nikiwa na furaha, kwa sababu kumbe hata mtu mwingine aliliona.

Kisha misheni ikapata kompyuta ya pili, iende Nansio, ili taarifa za kisiwa ziingizwe hukohuko. Mimi ndiye niliyetumwa kuwafundisha. Ladislaus alinisindikiza bandarini, akabeba boksi la kompyuta mwenyewe hakumwachia mpagazi, akaliweka ndani ya meli na kulifunika na koti lake kuzuia maji. Alitaka kusema neno, honi ikalia, akasema tutaonana. Kule nilikaa chumba cha wageni cha zahanati. Bwana Majura na wauguzi wake walinilisha sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo mpaka nikanenepa, na jioni wakikaa barazani niliwasikia wakibishana kama mashine itawanyang'anya kazi. Bwana Majura alikuwa akisema kwamba mashine iliyo na adabu ya kukwambia subiri, nimefika hapa, hiyo unaweza kuishi nayo. Nilikuwa nasikiliza gizani, nikijua adabu ile ilitoka kwa nani. Hukohuko niliamua kwamba nikirudi nitamwita kwa jina lake.

Zahanati haikuwa na simu. Kulikuwa na redio ya upepo, na kila asubuhi Sista Gaudensia aliita vituo vyote vya ziwa, kimoja baada ya kingine, na vituo vyote vilisikia kila kilichosemwa. Asubuhi moja, baada ya habari za chanjo, akaita Nansio. Akasema Mwalimu Ladislaus amepata kazi katika kampuni Dar es Salaam, wanamtaka haraka, anaondoka na treni ya Ijumaa. Redio ikakoroma. Akasema Mwalimu yuko hapa kando yangu, anauliza kama Kabula ana swali lolote kuhusu programu kabla hajaondoka. Bwana Majura alinipa kile chombo cha kusemea. Nilikishika. Nilijua masista, waganga na makarani wa pwani yote ya ziwa wametega sikio, na kwamba yeye amesimama pale karibu na pazia la kijani. Nilisikia pumzi ya mtu, au labda ulikuwa mkoromo wa redio. Nikasema, "Hakuna swali. Ova." Bwana Majura alinitazama, kisha akatazama pembeni kwa heshima. Akakichukua kile chombo, akamwambia Sista kwamba meli ya kesho, Alhamisi, itaniwahisha, na kazi iliyobaki wataimaliza wenyewe.

Alhamisi ziwa lilichafuka. Nilishinda bandarini Nansio nimekalia begi langu kati ya matenga ya samaki, mawimbi yakirukia gati, na nahodha akija mara kwa mara kutazama na kutikisa kichwa. Hatukuondoka. Ijumaa tuliondoka tukiwa tumechelewa, meli ikienda polepole, na mimi nikasimama mbele muda wote kana kwamba kusimama mbele kungenifikisha kabla ya wengine. Tulipofunga gati Mwanza nilimwona Adventina peke yake, amejitanda kanga, na nikajua. Alinipokea begi. Aliniambia Ladislaus alikuja bandarini jana akangoja mpaka ilipotangazwa kwamba meli haiji. Leo alikuja tena na mizigo yake, akangoja hadi dereva wa teksi alipomwambia treni itamwacha. Nilimuuliza aliacha neno gani. Adventina, ambaye hakosi neno, kwanza alihamisha begi langu mkono mwingine. "Alisema nikuambie alikuja," akasema. Tulitembea mpaka nyumbani. Ukutani kwa jirani yule mnunuzi wa pamba alikuwa akimsomea mkewe bei mpya.

Alipiga simu mara moja, miezi kadhaa baadaye, kwenye simu ya ofisi ya Sista. Laini ilikuwa mbovu. Tuliulizana kama tunasikiana, tukaambiana tunasikiana, akauliza kama mstari bado unakwenda vizuri, nikasema unakwenda. Akasema Dar kuna joto. Nikamwita jina lake, Ladislaus, kwa mara ya kwanza, lakini sijui kama lilifika, maana laini ilikatika karibu na hapo. Mwaka uliofuata tukasikia ameoa. Nami baada ya muda nikaolewa na mwalimu wa shule ya msingi aliyenichumbia kwa uwazi na kwa maneno mengi, nikaishi naye vizuri. Nasema hivi ili isidhaniwe kwamba nililia maisha yangu yote. Sikulia. Ila kila nilipoketi mahali pa kungoja, benki, hospitali, mbele ya kompyuta za siku hizi zenye mistari ya rangi zinazoteleza zenyewe, kitu kifuani kiligeuka kutazama nyuma, kama mtu anayesikia ameitwa njiani na kugeuka akakuta hakuna mtu.

Baada ya simu ya Adventina niliwaambia watoto nakwenda kumzika mtu tuliyefanya kazi pamoja, na hilo lilikuwa kweli. Nilipanda basi la alfajiri. Adventina alinipokea stendi ya Bukoba na mkongojo wake, tukaenda pamoja mpaka nyumbani kwa marehemu, katikati ya migomba. Watu walikuwa wengi. Wanawake waliketi sebuleni juu ya mikeka na nyasi zilizotandikwa, na mjane alikuwa ukutani, mwanamke mwenye uso mtulivu, kitenge kimefungwa kifuani. Nilipiga magoti nikampa pole. Alishika mkono wangu akauliza nimetoka wapi. Nikasema Mwanza. Akauliza, "Wewe ndiye Kabula wa bohari?" Nikasema ndimi. Sikujua niweke wapi macho.

"Alinisimulia habari ya meli," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, haikuwa na ubaya. "Si mara moja. Na mimi nilikuwa namwambia, meli ile ingewahi, mimi ningekuwa wapi?"

Alikusanya kitenge chake, akawagusa waliokuwa kando yake, na wote wakasogea kidogo kuelekea mlangoni, mpaka ikapatikana nafasi ya mtu mmoja kwenye mkeka, ukutani, upande wake wa kulia. Nikaketi.